Msimpe mwanafunzi risasi ya ndovu siku ya kwanza

Mhariri,

Salamu nyingi kwako na kwa wenzako hapo ofisini. Mimi ni msomaji wenu wa miaka mingi hapa Umoja, Nairobi, gazeti nalisoma kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka matangazo ya vifo, na barua sijawahi kuandika hata moja, lakini hii imenikaa kifuani tangu Ijumaa ya juzi, mpwa wangu alipoingia kwangu usiku akitoka Namanga huku bega moja limekaa juu kuliko lingine.

Huyu kijana amepata kazi upande wa Tanzania, kwa kampuni ya uwindaji, kule ambako uwindaji wa leseni bado upo, si kama hapa kwetu ambapo ulifungwa 1977. Alianza kwa kufuata nyayo, na kazi hiyo anaijua vizuri, macho anayo. Sasa wanataka awe msaidizi wa mwindaji, yule anayesimama kando ya mgeni na bunduki nzito, mambo yakiharibika yeye ndiye wa kumaliza. Nikamwambia keti, akaketi lakini hataki kuegemea. Nikamwambia vua shati. Mama watoto alikuwa anapakua ugali, aliweka mwiko chini. Bega lote kutoka mfupa wa shingo mpaka kwapani lilikuwa na rangi ya zambarau, katikati nyeusi kabisa, na juu ya nyusi ya kulia kulikuwa na mkato wa nusu duara, hapo darubini ya bunduki ilimrudia. "Mjomba, walinipa .458, ile bunduki ya ndovu. Risasi kumi asubuhi moja. Nikirudi Jumatatu ni kumi zingine."

Kwanza niseme mimi ni nani ndio mjue sisemi ya kusikia. Mwaka 1973 niliajiriwa na fundi wa bunduki hapa mjini, Muhindi mmoja mzee, Mungu amrehemu. Nilianza kwa kufagia na kupeleka chai, halafu kusafisha mitutu, halafu miaka ikaenda akaniweka kwenye ile meza ya nyuma ya kujazia risasi kwa mkono, leseni zake zote zikiwa zimetundikwa ukutani juu ya kichwa changu. Enzi hizo wawindaji wa safari walikuwa wanaingia dukani kila wiki. Ikafika Mei 1977 serikali ikafunga uwindaji, na ndani ya mwezi mmoja duka likajaa bunduki kubwa za watu wanaohama nchi, zingine hazijawahi kurudi porini mpaka leo. Sitaki mtu afikirie nalilia uwindaji urudi Kenya, hilo si jambo langu leo. Jambo langu ni bega la huyu kijana, na zaidi ya bega, ni jicho lake.

Na kabla ya mimi kulikuwa na baba yangu. Baba alikuwa mbeba bunduki, mtu wa Ukambani, alitembea na wawindaji tangu ujana wake. Mwaka 1968 kando ya Mto Tana walikuwa na mgeni wa mbali, mtu mwenye pesa na bunduki mpya nzuri, kubwa kuliko uwezo wake. Nyati alikuwa amesimama ubavu wazi, hatua sitini hivi, baba alisema hata mtoto angempata. Yule mgeni alipovuta triga alikuwa tayari ameshafumba macho na bega ameshalirudisha nyuma, risasi ikaenda tumboni. Nyati akaingia kichakani. Wenye kujua wanajua nyati wa tumboni hafi upesi na hakimbii mbali, anazunguka anarudi kwenye nyayo zake mwenyewe anakungoja. Baba alichanika paja kutoka karibu na goti mpaka kiunoni. Alipona, lakini mguu haukunyooka tena, na sisi watoto tulikua tukimsikia akija nyumbani kabla hatujamwona, mguu mmoja unakanyaga, mwingine unaburura. Sikio lake la kushoto nalo lilikuwa limekufa kwa sababu ya kusimama miaka yote kando ya mitutu bila kitu chochote masikioni. Baba hakumlaumu mgeni. Alikuwa anasema yule mtu aliiogopa bunduki yake kuliko nyati.

Sasa turudi kwa mpwa. Baada ya kula nikamwambia simama hapo katikati ya sebule, nikampa mpini wa fagio, nikamwambia huu ni bunduki, lenga ile kalenda ya ukutani, ile tarehe 15, na usifumbe jicho. Mimi nikasimama nyuma yake na sufuria na mwiko. Nikampigia mara ya kwanza, akaruka, hiyo ni kawaida ya binadamu yeyote. Mara ya pili nikamwambia nahesabu mpaka tatu ndio nipige. Moja, mbili, tatu, na mwiko haukugusa sufuria, niliuzuia hewani. Jicho lilifumba. Shingo ilikaza, mpini ukashuka kwa kiasi cha kiganja kizima, na sauti haikuwepo kabisa. Alikuwa ameshika fagio, Mhariri! Fagio haina baruti. Mama watoto alicheka lakini kijana mwenyewe hakucheka, alikaa chini akanyamaza, sababu alielewa pale pale kitu mwalimu wake hakumwonyesha kwa siku nzima.

Hiyo ndiyo shida yenyewe. Bega litapona wiki mbili, likandwe na maji ya moto litapona. Lakini mwili ukishajifunza kwamba kidole kikigusa triga kunakuja kipigo, unaanza kujikinga kabla kipigo hakijafika, na huo mshtuko haumwombi mtu ruhusa. Kila risasi nzito unayomwongezea kabla hajawa tayari inaukaza zaidi, ni kama kumfundisha mtoto kuogelea kwa kumtupa bahari iliyochafuka kila asubuhi. Nimeona wanaume wazima, wenye miaka kumi na bunduki, ukiwawekea kwa siri risasi isiyo na baruti katikati ya zile nzima wakavuta, mtutu unainama chini wenyewe bila hata kelele. Hiyo dawa ya kuchanganya risasi bandia fundi wetu aliipenda sana, alisema hakuna anayeweza kubishana na mtutu wake mwenyewe.

Watu wengi hawajui hii .458 ni kitu gani kwa hivyo acha niwape picha, namba yenyewe ni upana wa kichwa cha risasi kwa inchi. Ilitolewa na Winchester wa Marekani mwaka 1956, na ikaenea Afrika Mashariki haraka sababu bunduki zake zilikuwa bei nafuu kuliko zile za mitutu miwili za Waingereza. Kichwa chake cha risasi cha kawaida ni greni 500, yaani gramu 32 na kitu, na kinatoka kwa kasi ya kama mita 640 kwa sekunde. Ile G3 ambayo wengi mmeiona kwa askari wetu, kichwa chake ni kama gramu tisa na nusu. Kwa hivyo huyu kijana alikuwa anarusha zaidi ya mara tatu ya uzito huo, kwenye bunduki ya kilo nne na kidogo, kumi mfululizo, akiwa ameegemea meza. Na ile ya kuegemea meza ndiyo mbaya zaidi, ukiwa umesimama mwili unayumba na bunduki unalimeza lile teke la bunduki ikirudi nyuma, ukiwa umelala kwenye meza mwili hauna pa kwenda, bega linakula yote. Mtu mzima mwenye uzoefu akifika risasi ya sita mezani anaanza kutafuta kisingizio cha kwenda kunywa maji.

Fundi wetu alifanya tofauti, na hapa ndipo napotaka wahusika wasome pole pole. Mteja akileta bunduki kubwa mpya na hajawahi kuipiga, au akiwa na kijana wa kufundisha, fundi alimjazia pakiti ya risasi ishirini nyepesi kwa bunduki ile ile. Si bunduki nyingine, ile ile, uzito ule ule mkononi, triga ile ile, kufungua na kufunga kule kule, ila kichwa ni cha madini ya risasi (lead), greni 405 hivi, kikienda kama mita 400 kwa sekunde. Teke linashuka sana. Sababu yake ni hesabu ya shule: bunduki ikirudi nyuma kwa nusu ya mwendo wa kwanza, nguvu inayoingia begani haiwi nusu, inakuwa robo. Robo! Kijana anapiga ishirini, anakunywa chai, anataka zingine. Jicho linabaki wazi, linaona tundu likitokea kwenye karatasi, na mwili unajifunza kwamba triga si adui. Wiki ya pili unapandisha kidogo. Wiki ya tatu kidogo tena. Zile kamili unampa tatu za mwisho, akiwa amesimama, na mara nyingi hata hatambui ni zipi.

Wala si uvumbuzi wa fundi wetu. Jeshi la Marekani mwaka 1873 lilichukua bunduki ya .45-70, kichwa greni 405 na greni 70 za baruti nyeusi, na kwa wale wa farasi waliokuwa na bunduki fupi nyepesi wakapunguza baruti ikawa greni 55, sababu teke lilikuwa linawamaliza. Jeshi zima! Na kichwa chenyewe upana wake ni ule ule wa hii .458 ya mpwa wangu. Kama jeshi lililokuwa vitani halikuona aibu kumpunguzia askari wake, sioni kwa nini kampuni ya kupeleka wageni porini ione aibu.

Basi nikamweleza kijana haya yote, na yeye kwa akili ya haraka ya vijana akaniambia, "Kumbe ni rahisi mjomba, si tunafungua zile za dukani tunamwaga nusu ya baruti tunafunga tena?"

Hapo nilisimama. Nilimwambia kwa sauti ambayo sijaitumia nyumbani kwangu kwa miaka, kwamba akifanya hivo asirudi kwangu na mkono wake kwenye mfuko wa nailoni. Na ndio sababu kubwa ya kuandika hii barua kwa gazeti la Kiswahili, juu vijana wengi kule porini wanafanya kazi na hizi bunduki kila siku na vitabu vyote vya hii kazi vimeandikwa Kizungu kigumu, na kitu cha kwanza kinachokuja kichwani kwa mtu yeyote ni kwamba baruti kidogo ni hatari kidogo. Si hivo. Nitawaeleza.

Ganda la bunduki kubwa lina tumbo kubwa. Baruti yake ni ya kuungua pole pole, na imepangwa ijaze tumbo lote, ikae imebanana, moto wa praima, kile kiwashio kidogo kitakoni mwa ganda, uingie kutoka nyuma uile kwa utaratibu. Sasa wewe toa nusu. Baruti iliyobaki inalala upande wa chini kama mchanga kwenye chupa iliyolazwa, juu yake pako wazi. Moto wa praima unapita juu ya ule mchanga badala ya kuingia ndani yake. Saa zingine inawaka vibaya, saa zingine kichwa cha risasi kinasukumwa kidogo kinaingia kwenye mtutu kinasimama, halafu ile baruti nyingine ndio inashika moto nyuma ya kitu kilichosimama, na presha inapanda kuliko hata ile ya risasi iliyojaa. Wahandisi bado wanabishana inatokeaje hasa, lakini bunduki zimepasuka kwa njia hii, na ndio maana watengenezaji wa baruti wenyewe wanaandika kipimo cha chini, si cha juu peke yake. Kampuni ya Hodgdon ya Marekani kwa mfano imeandika kuhusu baruti yake moja, H4895, kwamba mtu anaweza kushuka mpaka asilimia 60 ya kipimo cha juu na si zaidi, na hiyo ni kwa hiyo baruti moja tu, ukihamisha hesabu hiyo kwa baruti nyingine ya polepole umejiandikia msiba. Na ile baruti iliyo ndani ya risasi ya dukani, hakuna aliyekuambia ni ipi. Huwezi kuijua kwa kuiangalia. Mimi niliishika kwa miaka na siwezi.

Halafu kuna upande wa pili. Mtu anasema basi nitatumia baruti ya haraka, ile ya bunduki za kuwindia ndege, kidogo tu. Sawa, inawaka vizuri, lakini ni kidogo kiasi kwamba ndani ya lile ganda huwezi kuiona. Ukiweka mara mbili, haionekani. Ukiweka mara tatu, bado ganda halijajaa. Ukisahau kuweka kabisa, pia haionekani.

Alikuja mteja mmoja dukani, mwenye shamba kubwa, mtu mwenye heshima zake, mkono wa kushoto umefungwa bendeji. Alikuwa amejijazia mwenyewe nyumbani za .458 nyepesi. Akapiga moja ikalia "puf", kama mtu anafungua chupa ya soda. Akadhani ndio wepesi wenyewe. Akafungua, ganda likatoka, akaingiza nyingine akapiga. Ile ya kwanza haikuwa na baruti, praima peke yake ilikuwa imekisukuma kichwa kikakwama ndani ya mtutu, shubiri moja hivi kutoka kwenye chemba, pale ganda linapokaa, na hii ya pili ikakigonga pale. Fundi alinipa ile bunduki nikaipeleka dirishani, nikatazama ndani kuelekea kwenye mwanga wa barabara. Mtutu mzima unakuwa kama bomba linalong'aa, ile mistari inazunguka vizuri, halafu katikati pale kuna pete nyeusi, giza la mviringo. Ukipitisha vidole nje unahisi uvimbe, kama nyoka aliyemeza yai. Kitako kilikuwa kimepasuka kufuata mshipa wa mbao. Yule mzee alikuwa na bahati vidole vyake vilibaki vitano, kimoja kifupi. Bunduki ilikuwa ya baba yake.

Ndio maana pale mezani kwetu kulikuwa na utaratibu ambao haukuvunjwa hata siku ya sikukuu. Kibao cha mbao chenye matundu hamsini. Maganda matupu yote yanakaa midomo chini. Unachukua moja, unapima baruti kwenye mizani, unamimina, unalirudisha mdomo juu, kwa hivyo lililogeuka ndilo lililopata. Ukimaliza yote husogei, unachukua tochi unapita mstari kwa mstari unatazama ndani, halafu kijiti cha mwanzi chenye alama ya kisu unakitumbukiza kila ganda, alama ikikaa sawa kote ndio unaendelea. Ikiwa moja tu haiko sawa unamwaga zote hamsini unaanza upya. Nimemwaga hamsini kwa sababu ya moja, jioni, watu wanafunga maduka, nikakosa basi la mwisho. Simu hakuna mezani, wakati ule hazikuwepo za mfukoni lakini hata redio ilikuwa marufuku, na mtu akiingia na maneno fundi anainua mkono bila kugeuka, unanyamaza.

Na kwa baadhi ya risasi nyepesi juu ya baruti tuliweka sufi. Ndio, ile sufi ya mito, ya mti wa msufi, tulikuwa tunaletewa gunia kutoka Pwani. Unachambua kidogo unaikandamiza polepole ishikilie baruti nyuma karibu na praima isilale. Nilipenda sana hiyo kazi, vidole vinabaki vyeupe kama vya mtu wa keki. Lakini hata hiyo sufi ina masharti yake, ikiwekwa ovyo nafasi ikabaki kati yake na kichwa inaweza kuacha ile ile pete kwenye chemba, kwa hivyo msiniambie eti mzee wa Umoja amesema wekeni sufi. Baadaye ilitoka baruti inaitwa Trail Boss, punje zake zina tundu katikati kama donati ndogo, nyepesi sana inajaza ganda, ukijaribu kuweka mara mbili inamwagika nje unaiona. Hiyo ni akili nzuri. Mtu aliyeibuni alikuwa amemfikiria yule mzee mwenye kidole kifupi.

Kwa bunduki za mitutu miwili kuna jambo lingine, nalipitia tu. Mitutu ile imeunganishwa kiwandani ili risasi mbili zikutane mahali pamoja kwa kasi moja maalum. Ukibadilisha kasi, hazikutani. Kwa mazoezi ya bega si neno, lakini mtu asiende nazo kwa mnyama akidhani ni zile zile. Kwa kweli risasi nyepesi ya bunduki yoyote kubwa haina kazi kwa nyati wala ndovu, ni ya karatasi na ya jicho la mwanafunzi, na sisi pakiti zake tulizipaka rangi ya kijani juu zisichanganyike na za porini.

Na niseme wazi kuhusu hapa kwetu. Kenya huwezi kukaa nyumbani ukajaza risasi kwa sababu umepata mashine kwa mtandao. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, kutengeneza risasi ni kazi ya mwenye leseni ya biashara hiyo, na baruti nayo ina sheria yake ya vilipuzi. Naunga mkono kabisa. Sisemi vijana wajaze. Nasema wenye kampuni, wenye pesa, wenye leseni na njia za kuagiza, waagize kwa mtu mwenye ruhusa na mizani, au wanunue zilizojazwa nyepesi kiwandani. Wakikosa kabisa, basi waanze na bunduki ndogo ya .22, wapande polepole, waweke mto mnene wa ngozi begani, vizibo vya masikio na vifuniko juu yake, na kijana apige akiwa amesimama, risasi tatu kwa siku na si kumi.

Nasikia mtu anasema porini hakuna risasi nyepesi, acha azoee. Mimi najibu hivi. Kulikuwa na mwindaji Mskoti anaitwa Bell, alipita Karamoja kule Uganda na kwingine miaka ya mwanzo ya karne iliyopita, aliua ndovu zaidi ya elfu moja, na wengi wao kwa bunduki ndogo ya .275 ambayo leo ungeambiwa ni ya swala. Simsifu kwa hilo, ndovu elfu moja ni huzuni kubwa, na siku hizi nchi nyingi zenye uwindaji zinadai kuanzia .375 kwa mnyama hatari, na ni sawa. Namtaja sababu risasi ndogo iliyokwenda mahali pake ilifanya kazi ambayo ile kubwa ya mgeni wa baba yangu haikufanya. Nyati hajui umebeba namba gani. Anajua imeingia wapi.

Jumapili jioni nilimwandikia mpwa wangu karatasi mbili za daftari ampelekee bosi wake, kwa heshima zote, nikaeleza niliyoeleza hapa kwa ufupi, nikamwomba amtafutie pakiti moja ya ishirini nyepesi kabla hajamrudisha kwenye hiyo meza. Jumatano kijana akanipigia. Bosi aliisoma kweli, akaikunja, akasema mambo hayo ni ya wanawake na watoto, na kwamba yeye mwenyewe alifundishwa kwa risasi kamili na hakufa. Kijana alipiga zile kumi. Nilimuuliza ya kumi ilienda wapi. Akasema karatasi haikuguswa na sita kati ya hizo kumi. Wakati wa ile ya kwanza kabisa, siku ya kwanza kabla hajajua teke, alikuwa amepiga katikati.

Mhariri, msimu wao unaanza Julai. Kijana atakuwa amesimama kando ya mgeni. Nyuma yake kutakuwa na mtu mwingine amebeba maji na mabegi, mtu ambaye hakuchagua bunduki wala mgeni wala mwalimu, kama baba yangu. Naomba uichape hii barua yote bila kuikata pale kwenye baruti, na kama kuna mwenye kampuni ya aina hiyo, hapa au ng'ambo ya mpaka, anayesoma Kiswahili au ana mfanyakazi wa kumsomea, meza ninayo bado kichwani na kipimo cha kila ganda nakikumbuka, niko tayari kuja kukaa na fundi wake mwenye leseni siku mbili bila malipo, nauli tu mpaka Namanga.

Ni mimi msomaji wenu,
Umoja, Nairobi